Magoti yanasagika kweli? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu tafiti za tiba ya mifupa na viungo

Maswali haya nimeyaokota kwenye mabenchi ya kliniki na kwenye magrupu ya WhatsApp ya familia. Mengine ni ya mama mkwe wangu, mtu ambaye haridhiki mpaka apate jibu la tatu. Katika kuyajibu nimeegemea zaidi tafiti ambazo wagonjwa waligawanywa kwa kura, kundi moja likapata tiba yenyewe na jingine likapata kitu cha kulinganishia. Nimefanya hivyo kwa sababu maumivu ya viungo hupanda na kushuka yenyewe. Mtu huenda kutafuta dawa siku goti lilipozidi kabisa, na wiki mbili baadaye angepata nafuu hata kama angekunywa maji ya bomba. Kwa hiyo kila nikiambiwa dawa fulani inaponya, huuliza: imelinganishwa na nini?

Nimeambiwa goti langu linasagika. Kinachosagika ni nini?

Ni gegedu, ule utando mweupe unaoteleza uliofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo. Unene wake ni milimita chache tu. Halina mishipa ya damu wala ya fahamu, na ndiyo maana hupata majeraha bila wewe kuhisi na likishalika halijirudishi. Jambo hilo William Hunter aliliandika London mwaka 1743, na hadi leo ndilo linalowaumiza vichwa watafiti.

Neno "kusagika" lina kasoro moja. Linamfanya mgonjwa alione goti kama tairi, kwamba akilitumia kidogo litadumu. Gegedu hupata chakula chake kutoka kwenye ute wa kiungo, na ute huo huingia na kutoka pale unapokanyaga na kuachia, kama sponji inavyobanwa na kuachiwa. Goti lililofichwa kwenye kochi miezi sita hunyimwa chakula, na misuli ya paja inayolishikilia hunywea. Tena ugonjwa wenyewe haukai kwenye gegedu peke yake: mfupa wa chini yake, utando wa kiungo, kano na misuli vyote vimo. Wapo watu ambao picha yao ya eksirei inatisha na wanatembea vizuri, na wapo wenye picha safi wasioweza kupanda ngazi.

Bamia inaongeza ute wa magoti?

Hapana. Najua jibu hili litaniletea ugomvi nyumbani.

Ute wa bamia na ute wa goti vinafanana kwa kuteleza tu. Ule wa goti hutengenezwa na utando unaozunguka kiungo, kwa kuchuja maji ya damu na kuongezea kemikali inayoitwa asidi ya hayaluroni. Bamia ikifika tumboni humeng'enywa au hupita, hakuna njia ya kuupeleka ule mlenda gotini. Isitoshe, goti linalouma mara nyingi halijakauka. Limejaa maji, hata ukilibonyeza unaona yanahama. Bamia ile kwa sababu ni mboga nzuri.

Na supu ya kongoro?

Kongoro lina kolajeni nyingi, na gegedu nalo limejengwa kwa kolajeni, kwa hiyo wazo halikutoka hewani. Lakini mwili huivunja kolajeni kuwa vipande vidogo vya protini na kuvipeleka unapotaka wenyewe. Kwa mtu aliyevunjika mfupa na asiyekula vizuri, supu ni protini na nguvu, mpe. Mwenye jongo ajihadhari na supu za nyama na matumbo.

Vidonge vya glukosamini na kondroitini vinauzwa kila duka la dawa. Je, vinafaa?

Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Marekani uitwao GAIT, wenye wagonjwa 1,583 wa magoti. Kwa ujumla wao, waliomeza vidonge hivyo hawakuwapita waliomeza vidonge visivyo na dawa. Cha kushangaza ni kwamba katika hao wa vidonge vitupu, asilimia 60 walisema maumivu yao yamepungua angalau kwa moja ya tano. Sasa fikiria muuza vidonge ana wateja mia, sitini wanarudi wakitabasamu. Yeye hadanganyi anaposema wateja wamepona. Hajalinganisha tu.

Vingi havina madhara makubwa. Kinachouma ni bei.

Sindano ya goti: nichome ipi?

Inategemea ni ya nini, kwa hiyo nizichukue moja moja.

Sindano ya steroidi hutuliza uvimbe kwa wiki kadhaa, na kwa mtu aliyezidiwa inaweza kumvusha. Kuirudia rudia ndiyo taabu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wagonjwa 140 walichomwa kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili, nusu steroidi na nusu maji ya chumvi. Maumivu yalitoka sare. Gegedu la waliochomwa steroidi lilipungua zaidi.

Sindano ya "kuongeza ute" ni ile asidi ya hayaluroni niliyoitaja. Mwaka 2022 jarida la kitabibu la BMJ lilitoa uchambuzi wa tafiti 169 zenye watu zaidi ya 21,000. Nafuu ilikuwepo kwenye hesabu, lakini ndogo kiasi kwamba mgonjwa mwenyewe asingeitambua, na matukio ya madhara makubwa yalikuwa mengi zaidi upande wa sindano.

Ya damu yako mwenyewe, ile inayozungushwa kwenye mashine ikabaki sehemu yenye chembe sahani nyingi (zile zinazosaidia damu kuganda), ndiyo ya mtindo kwa sasa kwa sababu wanamichezo wanaitumia. Australia waliijaribu kwa watu 288 wenye ugonjwa wa goti wa kiwango cha chini na cha kati, wakatoa matokeo mwaka 2021. Baada ya mwaka mmoja haikuipita sindano ya maji ya chumvi, si kwa maumivu wala kwa gegedu.

Seli shina, zile zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, ambazo wengine huziita seli mama, zina matangazo makubwa kuliko zote. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2023, wenye watu karibu 480, ulilinganisha aina tatu za sindano za seli na sindano ya kawaida ya steroidi. Baada ya mwaka hakuna aliyemshinda mwenzake. Watafiti bado wanaendelea, na siku moja huenda pakatokea jambo. Lakini kwa leo, mtu akikutaka uuze kiwanja ili akuchome seli shina, mwulize lile swali la mwanzo: imelinganishwa na nini?

Je, kusafisha goti kwa kamera kunasaidia?

Hapa ndipo nilipoanza mimi kuwa mbishi, kwa hiyo nivumilieni.

Miaka ya tisini, huko Houston, Marekani, daktari wa mifupa Bruce Moseley alikuwa akifanya upasuaji huo kama wenzake. Kamera inaingizwa kwa tundu dogo, goti linaoshwa, vipande vilivyolegea vinatolewa, mgonjwa anashukuru. Ikaulizwa: je, anayeponya ni upasuaji au ni imani? Wagonjwa 180 wakakubali kugawanywa kwa kura. Wengine walisafishwa na kukwanguliwa, wengine walioshwa tu, na kundi la tatu lilichanjwa ngozi, maji yakamwagwamwagwa wasikie mlio, kisha wakashonwa bila kuguswa ndani. Wagonjwa walijua toka mwanzo kwamba huenda wakaangukia kundi hilo. Walifuatiliwa miaka miwili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002: makundi yote yalikuwa sawa. Hakuna wakati wowote ambapo waliopasuliwa kweli walikuwa na maumivu machache kuliko wale wa kuigiziwa.

Madaktari wengi walikasirika. Wakasema labda hao walikuwa wazee mno, labda kwa waliochanika kile kigegedu chenye umbo la mwezi mchanga kati ya paja na muundi hali ni tofauti. Watafiti wa Finland wakalijaribu hilo nalo kwa wagonjwa 146 ambao kigegedu kilikuwa kimechanika kwa uchakavu, na mwaka 2013 wakaleta jibu lile lile. Hiyo haina maana kamera haina kazi. Kijana aliyeumia mpirani, goti likakwama halikunjuki, huyo ni mgonjwa mwingine kabisa.

Hakuna dawa ya kuotesha gegedu upya?

Imeoteshwa, kwa kiasi. Dawa ya sindano iitwayo sprifermini ilijaribiwa kwa watu 549, na kwenye vipimo vya picha gegedu liliongezeka unene kwa takriban milimita 0.05 ndani ya miaka miwili kwa waliopata dozi kubwa zaidi. Maumivu hayakupungua kuliko kwa wenzao. Gegedu likawa nene kidogo, na mwenye goti bado anachechemea.

Kwa tundu dogo lililotokana na ajali, hasa kwa vijana, ipo njia iliyoanzia Gothenburg, Sweden. Mwaka 1994 Mats Brittberg na wenzake walieleza walivyochukua chembe za gegedu la mgonjwa mwenyewe, wakazikuza maabara, wakazirudisha kwenye tundu. Walianza na wagonjwa 23. Njia hiyo imeboreshwa na inatumika katika nchi tajiri, ila ni ghali na haimfai mzee ambaye goti zima limechakaa.

Ipo pia hadithi ya tanezumabu, dawa iliyozuia kemikali inayozidisha hisia za maumivu. Maumivu yalipungua kweli. Lakini baadhi ya wagonjwa viungo vyao vikaharibika kwa kasi kuliko kawaida, na mwaka 2021 jopo la washauri wa mamlaka ya dawa Marekani likaipigia kura ya kuikataa, 19 kwa 1. Watengenezaji wakaiacha.

Basi kitu gani kinafanya kazi?

Mazoezi na uzito. Najua, mtu hakusafiri kutoka Lindi kuja kuambiwa akafanye mazoezi.

Stephen Messier na wenzake, Marekani, walipima nguvu zinazopita gotini kwa wazee wenye unene. Kila kilo moja iliyopungua mwilini ilipunguza kilo nne hivi za mzigo kwa goti kwa kila hatua. Hesabu hatua zako za siku kutoka kituo cha daladala mpaka nyumbani, uone ni tani ngapi. Kuhusu mazoezi, utafiti mmoja wa mwaka 2020 uliwagawa wagonjwa 156: fiziotherapia kwa upande mmoja, sindano za steroidi kwa mwingine. Baada ya mwaka, wa fiziotherapia walikuwa na maumivu machache na wanajimudu zaidi.

Si mazoezi ya kukimbia ufukweni. Anza na kiti cha kulia chakula: kaa, nyanyuka bila kujisukuma kwa mikono, mara kumi, pumzika, rudia. Ukiwa umelala, kaza paja huku goti limenyooka, hesabu mpaka tano, achia. Kama sijda au kukaa tahiyatu kunakuumiza, swali kwenye kiti kwa sasa, lakini kuwa kwenye kiti kusiwe mwisho wa kutembea. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si dalili ya kuharibu. Yakizidi mpaka kesho yake, punguza.

Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya semaglutaidi, zile sindano za kupunguza mwili. Watu 407 wanene wenye maumivu ya magoti walifuatiliwa kwa wiki 68. Kwa kipimo cha 0 hadi 100, maumivu ya waliopata dawa yalishuka kwa pointi 41.7. Waliochomwa sindano tupu, huku wote wakipewa ushauri wa lishe na mazoezi, nao walishuka kwa 27.5. Dawa imeshinda, hilo halina ubishi. Ila tazama ile 27.5 imetoka wapi.

Goti au nyonga bandia hudumu miaka mingapi?

Uchambuzi uliochapishwa na jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2019 ulikadiria kwamba nyonga bandia karibu asilimia 58 hufika miaka 25, na magoti asilimia 82. Ni takwimu za nchi tajiri zinazoweka daftari la kila kiungo kilichowekwa, Australia na Finland zikiwemo.

Aliyeifungua njia ni Mwingereza John Charnley, hospitali ya Wrightington. Mwanzoni alitumia Teflon, plastiki inayoteleza, kwa wagonjwa karibu 300. Ikalika ndani ya miaka michache na chembe zake zikawaletea uvimbe. Charnley alijipandikiza Teflon kwenye paja lake mwenyewe aone mwili unavyoikataa, akaweka na plastiki ngumu ya polithilini kando yake. Polithilini ilitulia. Kuanzia mwaka 1962 akaitumia hiyo, na wale wa Teflon akawapasua tena.

Bodaboda imemwangusha ndugu yangu, mfupa umetokeza nje. Cha kufanya kwanza ni nini?

Funika jeraha kwa kitambaa safi, tuliza mguu usichezecheze, mkimbize hospitali. Usipake chochote, si dawa ya meno wala majivu. Na usijaribu kuurudisha mfupa ndani. Akifika, antibaotiki kwa haraka na sindano ya pepopunda ni mambo ya kuuliza bila aibu.

Kwenye kuosha jeraha kuna habari njema kwa hospitali zetu. Utafiti wa FLOW, uliofanyika nchi tano ikiwemo India, ulichunguza wagonjwa 2,447 kama hawa: nani aoshwe kwa maji ya chumvi, nani kwa sabuni, na kwa mpira wa kawaida wa dripu au mashine ya kurusha maji kwa nguvu. Mashine haikuleta tofauti. Sabuni ilishindwa: waliorudi kupasuliwa walikuwa asilimia 14.8, na wa maji ya chumvi 11.6. Mashine ile ya bei kubwa haikuwa na cha kuizidi dripu.

Vyuma vya ndani au vya nje?

Swali hili lina jibu lililotoka hapa hapa. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliwagawa kwa kura wagonjwa 240 waliovunjika muundi na jeraha likiwa wazi. Nusu waliwekewa msumari wa ndani ya mfupa, nusu fremu ya nje yenye pini. Dakta Billy Haonga na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2020. Kwa maambukizi ya ndani na kurudi kupasuliwa ndani ya mwaka mmoja, tofauti haikuwa ya kutosha kusema mmoja ni bora. Ila wa msumari mifupa yao ilinyooka vizuri zaidi, na wiki sita za mwanzo walijisikia afadhali. Kufikia mwaka, wamelingana.

Kwa hiyo kama hospitali uliyopo ina fremu ya nje pekee, ndugu yako hajaonewa. Akipewa uchaguzi na gharama haziwazidi, msumari unampa nafasi kubwa zaidi ya mfupa kunyooka.

Msumari si unahitaji mashine ya eksirei ya chumba cha upasuaji?

Ule wa kawaida ndiyo. Lakini mwaka 1999 daktari Lewis Zirkle, wa Richland, jimbo la Washington, alianzisha shirika la SIGN baada ya kuona wagonjwa wa nchi maskini wakilala kitandani miezi, mguu ukivutwa kwa uzito. Msumari wao una mkono wa chuma unaomwonyesha mpasuaji tundu la skrubu lilipo hata bila picha. Hospitali kadhaa za Afrika Mashariki zinautumia, na wanaofundishwa hupeleka picha za kila mgonjwa kwenye hifadhi ya pamoja ili kazi ikaguliwe.

Mfupa ulipoteza kipande, mguu umekuwa mfupi. Unaweza kurefushwa?

Unaweza, kwa uvumilivu. Gavriil Ilizarov, daktari wa Kisovieti aliyefanyia kazi Kurgan, Siberia, aligundua kwamba mfupa uliokatwa kwa uangalifu ukivutwa taratibu hujaza pengo wenyewe. Kasi ni milimita moja kwa siku, inayogawanywa mara nne, mgonjwa akizungusha nati za fremu kwa mkono wake. Sentimita tatu ni mwezi mzima, na baada ya hapo fremu hukaa muda mrefu zaidi mfupa ukomae. Nchi za Magharibi hazikuijua vyema hadi mwaka 1980, mpanda milima wa Italia Carlo Mauri alipokwenda Kurgan na mguu uliomsumbua kwa miaka, akarudi amepona. Waitaliano wakamwalika Ilizarov mwaka uliofuata.

Na waunga mifupa wa jadi?

Wapo wenye mikono mizuri, sikatai. Mkono uliovunjika bila kuhama ungeunga hata ukifungwa na nani, kwa kuwa mfupa, tofauti na gegedu, una damu: hutengeneza donge, kisha gegedu laini, kisha mfupa mchanga, kisha unajichonga upya. Ndipo sifa ya mganga inapotoka. Ninachoogopa ni mianzi iliyobanwa mno. Vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi, vikibadilika rangi, au maumivu yakizidi siku hadi siku, fungua saa hiyo hiyo mwende hospitali. Hata hogo la hospitali likibana hivyo, rudi usiku huo huo.

Mwanangu ana sikoseli na nyonga inamuuma. Inahusiana?

Ndiyo, na usingoje. Chembe zilizopinda huziba vijishipa vya kichwa cha paja, mfupa ukakosa damu na kufa kipande. Matobo ya kupunguza shinikizo ndani ya mfupa yamejaribiwa kwa wagonjwa wa sikoseli, yakalinganishwa na fiziotherapia pekee. Utafiti ulikuwa mdogo na ulitoka sare. Kwa hiyo kuwahi, magongo ya kupunguza mzigo na mazoezi mazuri si tiba ya kubahatisha.

Vidonge vya vitamini D vinazuia kuvunjika?

Kwa mtu asiye na upungufu, hapana. Marekani wamelijaribu kwa watu 25,871, majibu yakatoka mwaka 2022.

Kwetu Arumeru watoto wana miguu ya upinde. Ni ukoo?

Angalia maji kwanza. Maji ya mitelemko ya Meru na sehemu nyingine za Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, inayotia meno rangi ya kahawia na ikizidi kwa miaka hukaza na kupinda mifupa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi ya kuchuja floraidi hiyo kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa iliyochomwa inailinda mifupa ya watoto. Miguu ya upinde ina sababu nyingine pia, kama matege ya kukosa vitamini D, kwa hiyo mtoto apimwe.

Nimeombwa kuingia kwenye utafiti. Nikubali?

Omba fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, uende nayo nyumbani ukaisome na mtu. Iwe na namba ya kibali cha maadili: kwa Tanzania Bara ni cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na utafiti wa dawa huhitaji pia kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Uliza utalinganishwa na nini, nani atagharamia matibabu ukidhurika, nauli za kurudi kliniki ni za nani, na kama matokeo utaambiwa. Ukitaka kujitoa katikati, unajitoa, na tiba yako ya kawaida iendelee. Na ukidaiwa ulipie dawa inayojaribiwa, kunja fomu yako uondoke.